Miti Mitatu Juu ya Bomba

Nimefundisha sayansi kwa miaka kumi na saba, na karibu yote nimekuwa mtu wa kujisifu. Nalisema mapema kabla hamjanihurumia. Watoto waliniita Mama Bahari, nami jina hilo nililipenda kuliko lile nililopewa na wazazi wangu. Nikipita sokoni nikasikia "Shikamoo, Mama Bahari," shingo ilirefuka. Mume wangu ni kinyozi, na hana adabu na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti chake. Nikirudi nyumbani aliniuliza, "Vipi, na samaki nao wamekusalimu?"

Darasa langu lilikuwa la sita, chumba cha mwisho kwenye jengo la chini, madirisha bila vioo, na kabati moja ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Humo kabatini niliweka vitu tulivyookota ufukweni: vifuniko vya chupa, miswaki, vipande vya nyavu, na kandambili kumi na tisa, kumi na sita kati yake za mguu wa kushoto. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini bahari inapenda mguu wa kushoto. Nilivitandaza mezani, nikawaeleza watoto kwamba kasa huona mfuko wa plastiki majini akadhani ni yavuyavu, yule mnyama laini anayeelea kama mfuko, akaula, tumbo likajaa kitu kisichosagika, akafa kwa njaa na huku ameshiba. Hapo darasa zima lilinyamaza. Nilijua litanyamaza, na nilikuwa nikilisubiri linyamaze.

Mmoja hakuwa wa kunyamaza. Wenzake walimwita Kwanini, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho mchana. Alikuwa msichana mdogo wa umbo, na sare yake ilikuwa na doa mgongoni ambalo halikuwahi kutoka kwa sabuni yoyote, maana baba yake alikuwa fundi magari na yeye alifanyia kazi zake za shule huko huko gereji. Siku ya somo la mafuta yeye ndiye aliyeniletea oili chafu, katika kichupa cha dawa ya kikohozi. "Baba kasema ukitaka nyingine usione haya," aliniambia. Tukatia matone mawili kwenye beseni la maji, tukachovya unyoya wa kuku, na watoto wakapokezana kuuosha mpaka kengele ikalia. Haukutakata. Nilimwandikia baba yake kikaratasi cha shukrani.

Kila muhula tulikwenda ufukweni kuokota taka. Tulijaza magunia, tukapigwa picha, na baada ya wiki mbili taka zilikuwa zimerudi pale pale. Safari ya mwisho Kwanini aliketi juu ya gunia lake akasema, "Mwalimu, kwa nini tunaokota huku zinakofikia? Kwa nini tusiende zinakotoka?" Nikamwambia tutafikiria. Kusema kweli, usiku ule swali lake lilinikosesha usingizi. Tulikuwa tunapiga deki huku bomba limeachwa wazi.

Ndipo nikaanzisha kazi ya ramani. Kuna mtaro mkubwa unaopita katikati ya mji wetu. Unaanzia juu kwenye viwanda, unapita nyuma ya gereji na maduka, unakatiza soko, unamwaga baharini. Niliwagawa watoto katika makundi manne, kila kundi na kipande chake cha mtaro, tukaanzia mdomoni kwenda juu. Walitakiwa kuchora kila mahali palipoingiza uchafu na kuandika ni uchafu gani. Niliwapa sharti moja, nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa: USIMFICHE MTU.

Kwanini aliinua mkono. "Mwalimu, hata kama ni mtu wa nyumbani kwenu?"

"Bahari haijui nyumbani kwa nani," nikamjibu.

Nilikiona kijibu hicho kizuri mno. Nilikirudia kwa mume wangu wakati wa chakula, naye akasema, "Ukishamaliza na bahari, kaa chini ule." Wala haikunipitia akilini kwamba mtoto hakuwa anauliza kwa kupenda maswali. Alikuwa anaomba ruhusa ya kunyamaza, nami nikamnyima.

Kundi lake lilipangiwa kipande cha gereji. Alikwenda na wenzake wawili, akasimama nyuma ya ukuta wa baba yake, akachora. Aliniletea daftari siku ya tatu bila kuniangalia. Doa jeusi, lenye umbo la kiatu, na chini yake kwa mwandiko wa kujikaza: *Oili chafu ya magari. Inamwagwa jioni.* Nilimsifu mbele ya darasa. Nilisema, "Huyu ndiye mwanasayansi." Watoto wakampigia makofi, na yeye akavitazama vidole vya miguu yake.

Kundi la tatu walikwenda juu zaidi, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Huko walikuta bomba linalotokeza chini ya ukuta, pana kiasi cha mtoto kuingia, likitoa maji ya uvuguvugu yenye rangi ya waridi na povu lililowafika magotini. Mmoja wao aliwashwa miguu siku mbili. Wakachora alama nyekundu, kubwa kuliko zote, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tukaunganisha karatasi tatu za manila, tukahamisha michoro yote kwa kalamu za wino mzito, tukaibandika ukuta wa nyuma. Ilipendeza mpaka walimu wa madarasa mengine wakaja kuitazama. Wakati huo mji ulikuwa unaandaa maonyesho ya mazingira kwenye ukumbi wake, na shule yetu ikachaguliwa kupeleka ramani hiyo.

Alasiri ya kuamkia maonyesho, mwalimu mkuu aliingia darasani watoto wakiwa wameshaondoka. Sitaki mumchukie. Ni mtu aliyekwenda kiwandani kwa miguu mara saba, viatu vikamfumka, ili tu shule ipate madawati. Alisimama mbele ya ramani, mikono nyuma.

"Kazi nzuri, mwalimu. Nzuri sana. Hii nyekundu hapa ni nini?"

"Bomba la kiwanda cha sabuni, mwalimu mkuu. Watoto wameliona kwa macho yao."

"Mgeni rasmi kesho ni nani?"

"Meneja wa kiwanda."

Akapiga dawati la karibu kofi dogo, kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni. "Na haya yametoka wapi?"

"Kiwandani."

"Kabla yake watoto walikaa wapi?"

"Sakafuni."

"Mimi sijakuamuru kitu," akasema, tayari yuko mlangoni. "Wewe ni mtu mzima, una akili zako."

Ndivyo wakubwa wanavyonawa mikono: beseni wanakuachia wewe. Nilikaa kwenye dawati mojawapo kwa muda mrefu. Wino ule haufutiki. Basi nikachukua karatasi nyeupe, nikaikata vizuri kwa mkasi, nikaipaka gundi, nikaibandika juu ya alama nyekundu. Ikabaki wazi, inatia shaka, nikachora miti mitatu juu yake. Shina kahawia, majani ya kijani. Nikaongeza na ndege. Sijui huyo ndege alinijia kutoka wapi. Nilijiambia funika kombe mwanaharamu apite, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani nikapika na kula vizuri tu.

Doa jeusi la gereji sikuligusa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, kwa maana ningeweza kubandika miti sita badala ya mitatu. Jibu ni lile lile kila nikiuliza: fundi hakutupa madawati.

Ukumbini kesho yake tulipangiwa meza karibu na jukwaa. Kwanini ndiye aliyekuwa msemaji wetu, kwa kuwa sauti yake ilifika mbali. Alikuja amevaa soksi mpya, na nywele zake zilikuwa zimesukwa asubuhi ile ile, ngozi ya paji la uso ikiwa bado imevutika. Meneja alifika na msafara wake. Pembeni yake alikuwepo bwana afya wa mji na kijitabu chake mkononi. Kwanini akashika fimbo ya kuelekezea, akaanza juu kabisa, mtaro unakoanzia. Fimbo ikafika kwenye miti. Ikasimama.

Akanitazama. Hata sekunde tatu hazikuisha. Ningeweza kusema kitu, chochote, hata kukohoa. Nilitabasamu na kumpa ishara ya kichwa aendelee.

Akaendelea. Alipofika kwenye doa jeusi, meneja aliinama, akauliza kwa sauti ya mjomba mwema, "Na hii je, binti?"

"Hii ni gereji," akasema. "Wanamwaga oili jioni. Ni ya baba yangu."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Kuna mama alifuta machozi. Meneja akasema taifa linahitaji watoto kama huyu, watoto wasiomwonea haya hata mzazi, akamkabidhi zawadi mwenyewe: katoni ya sabuni. Bwana afya aliandika kwenye kijitabu. Katika picha ya siku hiyo mimi nimesimama nyuma ya Kwanini, mkono wangu uko begani kwake, nacheka meno yote nje.

Siku kumi hazikupita. Mume wangu alikuja nyumbani kula mchana, jambo asilolifanya siku za kazi, akakaa bila kuvua koti lake la kinyozi lenye nywele za watu.

"Ile gereji ya chini imefungwa," akasema. "Kufuli mbili na karatasi ya muhuri. Kisa, kuchafua mtaro wa umma. Fundi mwenyewe nimemnyoa asubuhi hii. Amepata kibarua kwa yule kijana aliyejifunza kazi kwake. Anamshikia tochi."

Nikampakulia chakula.

"Hivi ile ramani yako," akasema, "kiwanda kiko wapi?"

"Kuna miti," nikajibu.

Hakucheka, na mume wangu hucheka hata msibani. "Mke wangu," akasema, "umevua dagaa, papa umempigia saluti." Akala, akanawa, akarudi kazini.

Nilikuwa nimeshaona mabadiliko darasani, ila nilijitia hamnazo. Kwanini alikuja shule kila siku, alikaa mahali pake, aliandika, alipata alama zake. Hakuinua mkono. Nilifundisha mikondo ya bahari, nikaeleza jinsi chupa inayotupwa hapa inavyoweza kuokotwa bara jingine, nikasubiri lile neno lake. Halikuja. Wiki nzima halikuja. Niliwahi kuomba mtoto yule apunguze maswali angalau kipindi kimoja nipumzike, na sasa ukimya wake ulikuwa unaniumiza kuliko matusi. Ndipo nilipoelewa nilichokivunja. Gereji inaweza kufunguliwa tena. Lakini mtoto aliyenitii akampotezea baba yake kazi, huku mimi niliyetoa sharti nikalivunja kwa gundi na mkasi, nilikuwa nimemfundisha somo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha sayansi.

Jumamosi nilikwenda kwao. Wanaishi vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Sebuleni kulikuwa na kochi, jiko la gesi kwenye kona, na ile katoni ya sabuni juu ya kabati, haijafunguliwa. Mama mtoto aliitikia hodi, aliitikia salamu, lakini kiti hakunisogezea. Fundi ndiye aliyesema, "Mwalimu, karibu ukae." Kwanini alikuwa chumba cha ndani. Niliona miguu yake chini ya pazia.

Nilisema nilichokuja kusema. Nilisema bomba lipo, watoto walilichora, nililifunika mimi, kwa mkono wangu. Sikumtaja mwalimu mkuu. Nilikuwa nimejiapia njiani kwamba sitamtaja, kwa maana mkono ulikuwa wangu.

"Oili nilimwaga," fundi akasema. "Kosa langu nalijua. Mtoto hakusema uongo, na sijamgusa hata kwa ukucha, ingawa kila jirani ana ushauri wake. Wanasema nimefuga nyoka." Akakwaruza grisi kavu iliyokuwa kwenye kidole chake. "Lakini kila siku ananiuliza mimi, baba, lile bomba lipo au halipo? Maana wenzake waliliona, na mwalimu kaweka miti. Nami sijafika huko. Nikamwambia mwalimu hawezi kukosea. Nimemwambia hivyo mara nne."

Mama mtu alikuwa ameshika ufagio muda wote huo bila kufagia. "Ulimfundisha asimfiche baba yake," akasema. "Nikamwambia sawa, msikilize mwalimu wako. Sasa nambie, mwalimu. Wewe ulimficha nani?"

Nilisema, "Wenye nguvu, mama." Nikaomba radhi. Fundi akasema yameshapita, kwa namna watu wanavyosema jambo ambalo halijapita. Mama akafagia.

Jumatatu niliibandua ile karatasi ya miti mbele ya darasa. Gundi ilikuwa nzuri. Ilitoka na ngozi ya manila, na chini yake nyekundu ilibaki imechanikachanika. Niliwaambia nani aliyeweka miti. Mtoto mmoja wa kundi la tatu akasema, "Sisi tulidhani tumekosea kuchora." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kumbe kundi zima lilikuwa limeishi wiki tatu likidhani macho yake ni mabovu. Hiyo nayo nikaibeba, nikaiweka juu ya ile nyingine. Nikawaahidi kwamba ramani hii, kama ilivyo, nitaipeleka mwenyewe kwa bwana afya. Kwanini alikuwa ananitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya ukumbini, na nitawaambia ukweli, nilifurahi. Nilidhani nimepata mahali pa kuanzia kulipa.

Mwalimu mkuu alisikia kabla kengele ya mapumziko haijalia. Aliniita, akafunga mlango, akasema muhula ujao nitafundisha darasa la kwanza. Nikasema sawa. Alionekana kama mtu aliyetarajia nibishe.

Mchana nilikuwa ofisi ya afya, ramani nimeikunja kwapani. Bwana afya alinipokea vizuri kupita kiasi, akanimiminia chai kutoka chupa yake mwenyewe. "Mama Bahari! Kazi ya wanafunzi wako imetusaidia sana," akasema. Nikaitandaza ramani juu ya mafaili yake, nikaweka kidole kwenye nyekundu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na majina ya watoto watano walioona, tarehe, saa, rangi ya maji.

Akaangalia kidogo tu. "Ah, hili," akasema. "Hili tunalijua, mwalimu. Tangu mimi sijahamia hapa." Akainuka, akavuta kutoka rafu ya chini faili nene kama tofali, limefungwa kamba, akalipuliza vumbi, akalipigapiga kwa kiganja. "Liko kwenye mchakato." Akalirudisha. "Kunywa chai, inapoa."

Nilikunywa chai. Sijui kwa nini niliinywa, lakini niliimaliza.

Usiku kucha nilitunga namna ya kuwaambia watoto. Nilipata maneno mazuri: serikali imepokea taarifa, inaifanyia kazi, mmefanya jambo kubwa. Yote yalikuwa kweli kwa kiasi fulani, na mume wangu aliyasikiliza gizani akasema, "Hayo nayo ni miti." Akageukia ukutani akalala.

Basi asubuhi nilisimama mbele ya darasa la sita nikayasema kama yalivyo. Nikasema nimekwenda, nimewaonyesha, na kumbe bomba wanalijua. Wanalijua miaka mingi, lina faili lake, na faili liko rafu ya chini. Nikasema sijui litafanyiwa nini wala lini. Watoto wakanyamaza, na safari hii sikuwa nimeutaka ukimya huo.

Kwanini alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu yake. Alikiweka mezani, akakaa sawa.

"Kwa hiyo," akasema, "aliyekuwa hajulikani ni baba tu."

Hakuwa anauliza. Nilimwambia ndiyo, ni yeye tu. Kisha nikageukia ubao, nikaandika tarehe, maana kipindi kilikuwa kimeshaanza.